Rusizi Unaelekea Wapi? Historia ya Mandhari Inayozunguka Carama

Carama ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Imbo, yaani ardhi tambarare iliyotanda kati ya Mto Rusizi na milima ya mashariki. Mgeni anayeondoka hapo alfajiri anaweza kuona kwa siku moja delta ya Rusizi, kisha jiwe la Mugere kusini mwa mji, na hatimaye milima ya Bugarama. Ingawa mahali hapa patatu huzoeleka kutembelewa kama vivutio visivyohusiana, historia yake ni moja, kwa kuwa imefungamana na swali lililowasumbua wanajiografia wa karne ya 19: maji ya Rusizi yanaingia katika Ziwa Tanganyika au yanatoka humo kwenda Nile?

Mandhari yenyewe ilianza kuumbika mamilioni ya miaka iliyopita, pale ardhi ya Afrika Mashariki ilipopasuka na sehemu ya kati kudidimia huku kingo zake zikiinuka, ikawa kile kinachoitwa Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha takriban mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Uso wake uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Burundi inayopanda mashariki yake hufika zaidi ya mita 2,600 kwenye kilele cha Heha, hali inayoufanya mwinuko unaoonekana kutoka Imbo kuwa mkali kiasi hicho.

Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, Februari 1858, wakiongozana na wapagazi na wafasiri, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, ambaye baadaye alikuwa pia katika msafara wa mwandishi wa habari Henry Stanley. Speke alikuwa ameelezwa na mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani, na kama habari hiyo ingekuwa kweli, Tanganyika lingeweza kudhaniwa kuwa chemchemi ya Nile. Walipofika Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa, mwezi Aprili mwaka huo, wana wa mtawala Maruta waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wasafiri hao hawakufika kwenye mlango wa mto, na kwa hiyo jibu la wenyeji halikuhesabiwa Ulaya kuwa ushahidi wa kutosha.

Swali likabaki wazi hadi Novemba 1871, Stanley alipomkuta mpelelezi na mmisionari David Livingstone Ujiji na wote wawili wakaamua kwenda kaskazini kwa mtumbwi, wakiwategemea wapiga makasia na waongozaji waliolijua ziwa. Jiwe la Mugere lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871 ni kumbukumbu ya kituo cha safari hiyo, katika nchi iliyokuwa chini ya chifu Mukamba, wala si mahali walipokutana kwa mara ya kwanza, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kutoka hapo walivuka kwenda kwa Ruhinga, nduguye Mukamba, aliyewaeleza juu ya mito inayouongezea Rusizi maji na juu ya ziwa la Kivu unakoanzia. Ndipo wakaingia deltani, yaani eneo la matope na matete ambamo mto hugawanyika katika mikono kadhaa kabla ya kumwagika, wakashuhudia mkondo ukielekea ziwani, kama wana wa Maruta walivyosema miaka 13 kabla.

Mlango wa kutokea maji ya Tanganyika ulitambuliwa mwaka 1874 na mpelelezi Verney Cameron katika Mto Lukuga, kwenye ufuo wa magharibi, nao huyapeleka maji katika Mto Kongo na hatimaye Atlantiki. Hata hivyo, wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani Kivu lilitiririka kaskazini, upande wa Nile, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia hiyo, na maji yalipopanda yakafurika kusini na kufungua njia ya Rusizi. Sehemu ya maji yanayopita leo magharibi mwa Carama, kwa hiyo, iliwahi kuwa ya Nile.

Nile yenyewe haiko mbali, kwani mgongo wa milima unaopita Bugarama hugawa maji ya Burundi: mvua inayonyesha magharibi hushuka Imbo na kuishia Kongo, na ile ya mashariki huingia mito ya Ruvubu na Kagera, Ziwa Viktoria na Nile. Mpelelezi Mwaustria Oscar Baumann aliufuata Ruvubu mwaka 1892 akiamini ndio mwanzo wa Nile, na mwaka 1938 ikajengwa piramidi ndogo Rutovu, kusini mwa nchi, kwenye chemchemi iliyotambulishwa na Mjerumani Burkhart Waldecker kuwa chanzo cha kusini kabisa cha mto huo.

Delta ya Rusizi, yenye viboko, mamba na ndege wengi, ilianza kuhifadhiwa kisheria mwaka 1980, na mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mapatano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu. Ulinzi huo wa mazingira ni wa lazima, lakini historia ya mahali hapa nayo inahitaji ulinzi wake. Jiwe la Mugere linataja watu wawili waliothibitisha jambo ambalo wenyeji walikuwa wamekwisha kulieleza kwa usahihi. Maelezo yanayotolewa kwa wageni, na hasa kwa wanafunzi wa Bujumbura wanaopelekwa huko, yanapaswa kuwataja pia Mukamba, Ruhinga, wana wa Maruta na wapiga makasia wa Ujiji, kwa sababu bila maarifa yao mito hii isingeingia sawasawa katika ramani za dunia.