Kuombea Amani ya Dunia Hapa Simi-Simi

Wazazi Wakristo wa Simi-Simi hutuuliza mara nyingi, wakati wa mafundisho, kwa nini wawafundishe watoto kuombea amani ya dunia, hali amani ya nyumbani yenyewe ni haba. Swali hili halijibiwi kwa haraka. Tutazame kwanza mambo yaliyotokea katika mtaa wetu huu.

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 24 Novemba 1964, askari 320 wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Mji wetu uliitwa bado Stanleyville, nao ulikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Simba tangu mwezi wa Agosti. Waasi hao walikuwa wamewashika wageni wengi kuwa mateka. Ndege zilizowaleta askari zilikuwa za Marekani. Njiani zilitua Ascension, kisiwa cha Waingereza katika Bahari ya Atlantiki, kisha Kamina huko Katanga. Basi mataifa matatu ya mbali yalikutana juu ya mapaa ya nyumba zetu. Asubuhi ile mateka wengi waliokolewa, lakini wengine walipigwa risasi barabarani, na kati yao mganga Mmarekani Paul Carlson, mmisionari Mprotestanti. Na Wakongo waliouawa katika miezi ile, wengine na waasi, wengine na wale waliokuja kuwafukuza, ni maelfu; majina ya wengi wao hayamo vitabuni.

Yafaa kukumbuka kwamba mwaka mmoja na nusu tu kabla ya siku ile, Papa Yohane XXIII alikuwa ametoa barua yake juu ya amani duniani, Pacem in Terris, akiwaandikia si Wakatoliki peke yao bali watu wote wenye mapenzi mema.

Tena tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyoingia nchini mwaka 1998 yakiwa marafiki, yalianza kupigana yenyewe kwa yenyewe katika mji wa Kisangani. Yalipigana siku sita, hata Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na kama 1,700 waliojeruhiwa. Shule 69 zilipigwa mabomu, watu 65,000 walikimbilia misituni, na Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari liliharibiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara yote iliyoyafanya Kongo. Rwanda haikuhukumiwa, kwa kuwa mahakama ile haikuwa na mamlaka juu yake. Jambo hili bado linawauma wengi, wala hatuwalaumu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto akisikia habari hizi atauliza: Baba, na hao tuwaombee? Sisi twaona mzazi asimfiche historia, wala asimfundishe chuki pamoja nayo. Amsimulie Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa huku kwetu kaskazini-mashariki, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, juma moja tu baada ya askari kushuka Simi-Simi. Alimsamehe aliyemwua. Na Papa Yohane Paulo II, alipomtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe muuaji huyo mbele ya watu wote.

Maneno "Malkia wa amani" yaliingizwa katika Litania ya Bikira Maria na Papa Benedikto XV mwaka 1917, katikati ya vita kuu ya Wazungu. Mwaka uliotangulia askari wa Kongo walikuwa wameiteka Tabora, na wapagazi wetu kwa maelfu waliwabebea mizigo katika vita visivyokuwa vyao. Basi jamaa ikifika kwenye maneno hayo jioni, twashauri isimame kidogo, kila mtoto ataje mji mmoja. Mmoja ataje Goma, iliyotekwa Januari 2025. Mwingine Kampala, mwingine Kigali. Kisha litania iendelee.