Mang'amung'amu
Kiswahili kina neno mang'amung'amu: hali ya mtu aliye kati ya usingizi na kuwa macho. Ningependa tuwape wasafiri wa ndege za mbali neno hili badala ya "uchovu wa safari". Basi la Dar es Salaam hadi Mwanza linachosha sana, lakini halivurugi saa ya mwili. Anayetua New York mwezi Julai saa 2 usiku, mwili wake uko saa 9 usiku ya Dar. Saa hiyo ya ndani hujirekebisha taratibu, takribani saa moja kwa siku, na kiongozi wake mkuu ni mwanga. Ukienda magharibi, ota jua la jioni. Kurudi mashariki ni kugumu zaidi: mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha.