Mwanafunzi, Winga na Buti za George Sand

Aurore Dupin, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la George Sand, aliingia Paris mwanzoni mwa 1831 akiwa na miaka 26 na fedha za kubana. Viatu vyake vya kike havikumaliza siku mbili katika matope ya mitaani, na kofia zake za mahameli zililoweshwa na maji ya mapaani. Akashonesha koti refu la kijivu, suruali na kizibao vya kitambaa hicho hicho, akajifunga skafu nzito ya sufi shingoni, akanunua buti zenye visigino vya chuma. Katika kumbukumbu za maisha yake anasema alifanana kabisa na kijana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Buti zile alizipenda hata akatamani kulala nazo.

Hakujifananisha na karani, wala askari. Alipanga vyumba ukingoni mwa mto Seine, jirani na mtaa wa wanafunzi, Quartier Latin, na pale mwanafunzi ndiye mtu pekee anayeweza kuzunguka tangu asubuhi hadi usiku bila kuulizwa anakwenda wapi. Sand anajisifu kwamba hakuna aliyemjua wala kumtazama. Hicho ndicho alichokinunua kwa fundi nguo.

Waandishi wa Kifaransa waliligeuza jambo hilo kuwa karibu dini. Baudelaire, katika insha yake ya 1863 kuhusu mchoraji wa maisha ya kisasa, anamsifu mtembezi aliye katikati ya umati na bado amefichika. Walter Benjamin, Mjerumani aliyeukusanyia mji wa Paris maelfu ya dondoo, anasimulia kwamba karibu mwaka 1840 ilikuwa fahari kwa muda kutembeza kobe kwenye vichochoro vyenye mapaa ya vioo, mwendo wa kobe uwe ndio mwendo wa bwana. Mimi kobe hao hunikera kidogo. Wanaonyesha jinsi utembezi ule ulivyokuwa wa mwanamume mwenye wakati wa kutapanya. Mwanamke alilazimika kuanza na suruali.

Sasa tuvuke bahari, turudi nyuma karne tano. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, akiwa na miaka 27 hivi, anatia nanga Mogadishu. Kabla hajakanyaga nchi kavu, vijana wanakuja na vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa na kumnunulia. Atakayempunja mgeni bei, au kumuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo inahesabiwa batili.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa elimu, kwa hiyo kadhi mwenyewe alikuja ufukoni na wanafunzi wake kumpokea. Aliomba kwanza apate mahali pa kutulia. Akaambiwa desturi ni kwamba mwanachuoni hapumziki kabla ya kumwona sultani. Baada ya tambuu na popoo alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Kwa siku tatu chakula kilikuja mara tatu kwa siku. Ndiyo maana tunaijua sahani ya Mogadishu kuliko vichochoro vyake. Mgeni aliyeshikwa mkono na kadhi huona anachoonyeshwa.

Kwa hiyo Paris humpa mwanafunzi uhuru kwa kumsahau, na pwani hii humpa usalama kwa kumtambua. Kariakoo ya leo, mtaa wa soko jijini Dar es Salaam, nionavyo, ni binti wa Mogadishu, ila sahani imeondolewa.

Chukua binti wa mwaka wa kwanza anayeishi hosteli za Mabibo. Jumamosi anapanda mwendokasi Ubungo, anashuka Msimbazi. Mkononi ana karatasi ya maagizo ya wenzake wa chumbani: rasta, kava la simu, kitenge cha sare ya harusi. Angeweza kuja kushangaa tu, na kwa kweli ndicho alichokuja kufanya, lakini ile karatasi ndiyo buti zake za chuma. Akiulizwa na yeyote, hata na mama yake kwenye simu, ametumwa.

Hajamaliza hatua kumi. "Mwanachuo, karibu! Unatafuta nini, mdogo wangu? Kitenge? Njoo, nikupeleke kwenye bei ya jumla." Huyo ni winga. Duka hana. Anatangulia kwa kasi, anapenya kati ya mikokoteni, anapanda ngazi nyembamba hadi ghorofa ya pili. Muuzaji anatandaza kitambaa, kisha kabla ya kutaja bei anamtupia winga jicho. Ndani ya bei itakayotoka mna cha juu cha winga, na binti analijua hilo. Anashukuru, anashuka, anazunguka jengo, anarudi peke yake. Mogadishu ununuzi wake ungebatilishwa. Hapa atanuniwa tu.

Kujificha hawezi. Akisimama kutazama paa la soko kuu alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, ile miavuli ya zege iliyobuniwa kupokea maji ya mvua, atasikia nyuma yake "Pisha mzigo!" Baudelaire angekanyagwa.

Wala tusidhani kuzunguka bila shughuli kumekuwa jambo la bure kwetu. Sheria ya Uingereza ya 1824 dhidi ya wazururaji ilizaa vifungu vilivyoingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Mwaka 1983, chini ya kampeni ya Nguvukazi, wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Mwenye kitambulisho cha chuo alikuwa na la kusema. Kijana wa rika lake asiye na chuo hakuwa nalo. Ni Desemba 2020 tu ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilipotoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Paris ilimruhusu mzururaji mwenye kobe. Sisi tulimdai kadi.

Lakini Kariakoo iliwahi kuwa na njia ya tatu, nami naiona bora kuliko zote mbili. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele, na pale mpita njia alisalimia, akakaribishwa, akakaa. Hakuhitaji kufichika wala kununua. Alionekana, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaachwa atazame mtaa. Maghorofa yaliyochukua viwanja hivyo yameweka maduka hadi ukingoni mwa barabara, na binti wetu, miguu ikiwaka moto saa tisa alasiri, hana budi kununua soda ili apate kiti.