Kielekezi cha upasuaji wa vipandikizi vya meno

Kielekezi cha upasuaji ni kifuniko cha resini ngumu kinachovalishwa juu ya meno au fizi, chenye tundu la kuongoza keekee ya daktari hadi mahali, pembe na kina kilichopangwa kwenye kompyuta. Husanifiwa kwa kuoanisha picha ya CT ya taya na skani ya kinywa, kisha huchapwa kwa printa ya 3D.

Vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazopachikwa kwenye mfupa wa taya kushikilia jino bandia, vilianza kuwekwa kwa wagonjwa nchini Sweden mwaka 1965, kazi ya Per-Ingvar Brånemark. Hofu kubwa ya upasuaji huu iko kwenye taya la chini, inamopita neva ya hisia za mdomo na kidevu. Ikijeruhiwa, ganzi yake yaweza kuwa ya kudumu. Kwa hiyo huachwa nafasi ya angalau milimita 2 juu yake, na nafasi hiyo isipunguzwe kamwe: hata kwa kielekezi, kipandikizi hukengeuka wastani wa zaidi ya milimita 1. Kielekezi pia huyazuia maji ya kupoza keekee, ilhali mfupa huumia ukikaa kwenye nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja.

Kwa mkazi wa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida, faida ni kwamba mpango ni faili: unaweza kusanifiwa Dar es Salaam bila yeye kusafiri. Bado atahitaji picha ya CT, mfupa wa kutosha, na daktari awezaye kuendelea kielekezi kikivunjika.