Rangi ya Machungwa, Ndugu ya Zinki

Tunapoongea juu ya rangi za mababu, tunataja pemba nyeupe, makaa meusi na nkula nyekundu inayotoka katika mti. Rangi ya machungwa yenye kuwaka sawa moto haimo katika hesabu hiyo. Ile ilizaliwa na elimu ya shimi, na historia yake inatugusa sisi watu wa Katanga.

Mwaka 1817, huko Ujerumani, Friedrich Stromeyer alikuwa anachunguza madini ya zinki. Akakuta ndani yake metali nyingine, ikaitwa kadmiyumu. Ikiungana na salfa inatoa rangi ya manjano. Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda viliongeza seleniyumu: kidogo inaleta machungwa, nyingi inaleta nyekundu. Hata Kipushi, kilometa 30 hivi toka Lubumbashi, kuko shaba, zinki na kadmiyumu katika jiwe moja. Mgodi ule ulianza 1924, ulisimama 1993, ukafunguliwa tena 2024.

Wachoraji wanaipenda kwa nini? Inafunika vizuri kilicho chini yake, na ndani ya nyumba mwanga hauifishi upesi. Nje, penye jua na unyevu pamoja, inapauka.

Na sumu je? Kuko wanaoiogopa yote, kuko wanaoicheka. Tutofautishe. Ikishikwa na mafuta, haiyeyuki katika maji, wala haipiti kirahisi katika ngozi. Hatari iko katika vumbi na moshi. Kadmiyumu ikiingia kwa pumzi, inakaa mwilini miaka mingi, inaharibu figo, na inaweza kuleta kansa ya mapafu. Kule Toyama, Japani, mgodi wa zinki ulichafua mto, maji yakafika katika mashamba ya mpunga, na watu wakavunjika mifupa. Serikali yao ilikubali chanzo cha ugonjwa ule mwaka 1968.

Basi tusisage unga wake mkavu, tusiipulize kwa pompi, tusiipige msasa, tusichome vitambaa vyake, na tunawe mikono mbele ya kula. Kwenye tyubu, alama PO20 inaonyesha kadmiyumu. PO73 ni machungwa nyingine ya shimi, isiyo na kadmiyumu. Mafundi wanaofundisha vijana kuchora wawafundishe pia kusoma alama hizo. Nkula, kila mzee alijua mti wake. Rangi ya dukani nayo, tujue jiwe lake.