Miasthenia Gravisi: Historia Ndani ya Jina

Tunapofundisha uundaji wa istilahi, huwa tunawaambia wanafunzi kuwa jina la ugonjwa ni maelezo yake kwa ufupi. Jina la miasthenia gravisi lilitolewa na daktari Mjerumani, Friedrich Jolly, mwaka 1895. Ni Kigiriki kilichooana na Kilatini: misuli, udhaifu, na mwishoni neno lenye maana ya "zito" au "la hatari". Enzi hizo neno hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Maelezo ya mapema yanayotajwa zaidi ni ya Thomas Willis wa Uingereza, mwaka 1672. Alieleza habari za mwanamke aliyezungumza vizuri, lakini akisema kwa muda mrefu au kwa haraka, sauti ilikatika asiweze kutamka neno kwa saa moja au mbili. Sisi tunaokula kwa kusema darasani tunaielewa hasara hiyo. Hata hivyo, kilichoua si ububu. Misuli ya kumeza ilipolegea, chakula na mate viliingia katika njia ya hewa na kuleta nimonia. Na misuli ya kupumua ilipochoka, pumzi ilikwisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 vifo vilifikia hata 70 katika kila wagonjwa 100.

Mabadiliko yalianza mwaka 1934, katika hospitali ya Greenwich, London. Daktari Mary Walker aliona kuwa dalili hizi zinafanana na za mtu aliyepigwa mshale wa sumu ya kurare. Akamchoma mgonjwa wake sindano ya dawa inayopinga sumu hiyo, fiziostigmini. Kope zilizolegea ziliinuka na kumeza kukawa rahisi, ingawa kwa saa chache tu. Dawa yenyewe asili yake ni Afrika: hutoka katika harage la Calabar, ambalo Waefiki wa Nigeria waliwanywesha washukiwa wa uchawi, kama mwavi ulivyotumika huku kwetu. Sumu ya kiapo ikawa dawa!

Mengine yalifuata. Mwaka 1936 Alfred Blalock wa Marekani alimpasua mgonjwa kijana na kuondoa uvimbe wa tezi ya thaimasi. Mwaka 1960 John Simpson alipendekeza kuwa kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia mwili wenyewe, na majaribio ya sungura ya mwaka 1973 yakamuunga mkono. Lakini kwa maoni yetu, kilichopunguza vifo kuliko vyote ni mtambo wa kupumulia, ulioenea baada ya mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka 1952. Siku hizi, penye huduma kamili, wanaofariki katika kipindi cha kushindwa kupumua ni takriban 5 katika 100 au pungufu, wengi wao wazee.

Wapo wanafunzi wanaotafsiri jina hili "udhaifu wa misuli", wakaliacha lile neno la tatu. Tunawashauri walirudishe. Katika wilaya isiyo na mtambo wala vidonge vya piridostigmini, Jolly bado anasema kweli.