Damu Inasema Nini Misuli ya Farasi Inapokakamaa

Katika karne ya 19, mizigo ya miji ya Ulaya ilipokuwa bado ikivutwa na farasi, Jumatatu ilikuwa siku ya kuogopwa. Jumapili farasi alipumzika zizini, lakini nafaka alipewa kamili, kipimo kilekile cha siku za kazi. Asubuhi yake akifungwa gari hakwenda mbali. Jasho lilimtoka kwa wingi, misuli ya mapaja na kiuno ikakaza, miguu ya nyuma ikagoma kusogea. Akikojoa, mkojo ulitoka wa kahawia iliyokolea. Wengine walianguka wasiinuke tena.

Kwa muda mrefu waganga wa wanyama waliamini kuwa rangi ile ni ya damu. Sivyo. Ni myoglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Misuli ikiharibika humwagika kwenye damu, huchujwa na figo, na ikizidi huziumiza figo zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Birger Carlström wa Sweden alitoa nadharia iliyotawala kwa miongo kadhaa: wakati wa mapumziko misuli hurundika glaikojeni, yaani wanga wa akiba, farasi akianza kazi glaikojeni hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na asidi ndiyo inayounguza misuli. Maelezo hayo yalieleweka kirahisi, na ilikuwa vigumu kuyapinga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kupima ukubwa wa madhara farasi akiwa hai.

Njia ilipatikana hospitalini kwa binadamu. Mwaka 1954, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walionyesha, huko New York, kwamba mtu akipatwa na mshtuko wa moyo, kimeng'enya ambacho leo maabara hukiandika AST hupanda katika damu yake. Seli ikipasuka, vilivyomo huvuja. Mwaka 1959 Setsuro Ebashi na wenzake wa Japani waliripoti jambo kama hilo kuhusu kimeng'enya kingine, CK, kwa wagonjwa wenye maradhi ya kudhoofika misuli.

Wakati huohuo mchezo mpya ulikuwa umezaliwa California. Agosti 1955, Wendell Robie na wenzake wachache walipanda farasi zao karibu na Ziwa Tahoe, wakavuka milima ya Sierra Nevada na kufika Auburn ndani ya saa 24, mwendo wa maili 100, yaani takriban kilomita 160. Safari hiyo ikawa mashindano ya kila mwaka, Tevis Cup, na ndiyo chimbuko la mbio za kisasa za masafa marefu. Chuo Kikuu cha California kina shule ya udaktari wa mifugo pale Davis, si mbali na Auburn. Mwaka 1963 madaktari wa huko, Cardinet, Fowler na Tyler, walichapisha utafiti kuhusu athari za mazoezi na za kukakamaa misuli kwenye AST ya farasi. Mwaka 1967 Cardinet na wenzake wengine wakaziweka CK na AST pamoja na kuzilinganisha. Kwangu mimi, ulinganisho huo ni mkubwa kuliko ugunduzi wa kimeng'enya chochote kimoja, kwa kuwa ndio uliotufundisha kusoma majibu.

CK hupanda upesi: hufikia kilele saa 4 hadi 6 baada ya misuli kuumia, na jeraha likikoma hushuka kwa takriban nusu kila siku. AST hupanda polepole, hufikia kilele baada ya saa kama 24, na huweza kukaa juu wiki mbili au tatu, kama harufu ya moshi inayobaki nguoni moto ulipokwisha kuzimwa. Tuseme farasi ana CK 20,000 na AST 600: misuli imeumia leo. Mwingine ana CK 400 na AST 2,500: aliumia siku kadhaa zilizopita na sasa anapona. Kama zote mbili ziko juu na hazishuki, misuli ingali inaharibika. Kwa hiyo karatasi ya majibu isiyoonyesha saa damu ilipochukuliwa ina upungufu mkubwa. AST peke yake nayo haitoshi, maana ini pia huitoa.

Farasi wa masafa marefu ana utata wake. Akimaliza kilomita 160, CK yake huweza kupita 1,000, hata kufikia elfu kadhaa, huku anatembea vizuri, anakula na moyo wake umetulia. Huyo si mgonjwa. Farasi hao ndio waliosaidia kuiangusha nadharia ya asidi: hukakamaa wakiwa katika mwendo wa wastani usiozalisha asidi nyingi ya laktiki. Utafiti wa Davis wa mwaka 1974 ulifuatilia chumvi za damu za farasi wa mbio hizi. Jasho la farasi lina kloridi nyingi, na akiipoteza kwa saa nyingi damu yake huelekea kwenye alkali, si asidi. Ndiyo maana daktari makini husoma pia kloridi, potasiamu na kalsiamu, kisha kriatinini inayoonyesha hali ya figo.

Maswali ya chanzo yalijibiwa baadaye, tena si yote. Mwaka 1992 Stephanie Valberg na wenzake, Marekani, walieleza ugonjwa wa farasi wanaorundika wanga usio wa kawaida misulini. Mwaka 2008 chanzo chake kimoja, kasoro ya jeni ya GYS1, kikatambuliwa, nayo imeenea sana kwa baadhi ya farasi wa mizigo. Carlström, basi, hakukosea kuishuku glaikojeni. Alikosea kuhusu asidi. Mwaka 2016 kundi la Valberg likaripoti kwa farasi wa Kiarabu, uzao unaotawala mbio ndefu kuanzia California hadi Oman na Falme za Kiarabu, tatizo jingine la nyuzi za misuli. Hao, kati ya tukio na tukio, CK yao huweza kuwa ya kawaida kabisa, na kulitambua tatizo huhitaji kipande cha msuli chini ya hadubini.

Kwa wasomaji wetu walioko Muscat na Dubai wanaotunza farasi hawa: farasi akikakamaa njiani, msimamisheni, msimlazimishe kutembea, na mwiteni daktari kabla ya kumpa dawa yoyote ya maumivu, kwani figo zilizokaukiwa maji haziziwezi baadhi ya dawa hizo. Andikeni saa ya tukio na saa ya kutoa damu. Pimeni tena baada ya siku moja au mbili, na msimrudishe mazoezini kabla CK haijashuka na daktari hajaridhika.